Vigawo, Vigawe na Namba Tasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa darasa la tano mpaka kidato cha pili hapa Tanga, na wazazi wanaokaa nao jioni daftari likiwa wazi mezani. Maswali ni yale ninayoulizwa tuisheni kila muhula. Nimeyajibu kwa urefu tofauti, kwa sababu mengine yanaisha kwa sentensi moja na mengine yanastahili tukae nayo.

Kigawo ni nini, na kigawe ni nini?

Kigawo cha namba ni namba inayoigawanya bila kuacha baki. Vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12, basi. Kigawe ni unachopata ukiizidisha namba kwa 1, 2, 3, 4 na kuendelea. Vigawe vya 12 ni 12, 24, 36, 48, na havina mwisho.

Mtazame muuza machungwa pale soko la Mgandini anapopanga mafungu. Akiwa na machungwa 24 ya Muheza anaweza kupanga mafungu 2 ya machungwa 12, au 3 ya 8, au 4 ya 6, au 6 ya 4, na yote yakatoka sawa. Akitaka mafungu 5, machungwa manne yatabaki pembeni. Kwa hiyo 4 ni kigawo cha 24, na 5 si kigawo chake. Sasa mwondolee chungwa moja abaki na 23. Hapo hakuna namna: ama fungu moja la machungwa 23, ama auze moja moja. Namba ya aina hiyo tutaiita tasa, na sehemu kubwa ya ukurasa huu inaihusu.

Nifanyeje nisivichanganye kwenye mtihani?

Kigawo hakiwezi kuizidi namba yenyewe, na kigawe, ukiacha 0, hakiwezi kuwa kidogo kuliko namba yenyewe. Ukiulizwa vigawo vya 15 ukajikuta umeandika 30, futa.

Je, 0 ni kigawe? Ni kigawo?

Ni kigawe cha kila namba, maana namba yoyote mara 0 ni 0. Kigawo cha namba za kuhesabia si kamwe, kwa sababu hakuna kugawanya kwa 0. Swali likisema "kigawe kidogo kabisa" linakusudia kile kisicho 0.

Nitavipataje vigawo vyote bila kusahau hata kimoja?

Viandike kwa jozi. Wanaosahau vigawo ni wale wanaoviokota kimoja kimoja kichwani. Kigawo hakiji peke yake: ukipata kimoja, mwenzake yupo upande wa pili wa alama ya kuzidisha. Tuchukue 84:

1 × 84
2 × 42
3 × 28
4 × 21
6 × 14
7 × 12

Tumejaribu 5 ikakataa, 8 ikakataa, 9 ikakataa. Hapo tunasimama, hatuendelei na 10. Kwa nini? Kwa sababu 10 × 10 ni 100, imeshaipita 84. Kama kungekuwa na jozi mpya ambayo namba zake zote mbili ni 10 au zaidi, zao lake lingekuwa 100 au zaidi. Kwa hiyo kila jozi ya 84 lazima iwe na mmoja aliye chini ya 10, na hao wote tumeshawajaribu. Shuka safu ya kushoto kisha panda ya kulia, utapata orodha ikiwa imepangika: 1, 2, 3, 4, 6, 7, 12, 14, 21, 28, 42, 84. Vigawo kumi na viwili.

Hoja hii ya kusimama ndiyo nguzo ya mada nzima. Namba unayosimamia inaitwa kipeuo cha pili: ile ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inaleta namba yako. Huhitaji kukipata kwa desimali. Jiulize tu, "namba gani mara yenyewe inaipita hii niliyonayo?"

Kwa nini 36 ina vigawo 9, idadi witiri, wakati vigawo vinakuja kwa jozi?

Kwa sababu jozi ya 6 × 6 ina mtu mmoja aliyehesabiwa mara moja. Hii hutokea kwa namba mraba peke yake: 1, 4, 9, 16, 25, 36. Namba nyingine zote zina vigawo vya idadi shufwa.

Kuna njia ya kujua kama namba inagawanyika bila kuigawanya?

Zipo, na ni mali ya kukaa nayo kichwani. Kwa 2, tazama tarakimu ya mwisho kama ni shufwa. Kwa 5, iwe 0 au 5. Kwa 10, iwe 0. Kwa 4, tazama tarakimu mbili za mwisho peke yake: 1,736 inagawanyika kwa 4 kwa sababu 36 inagawanyika. Kwa 8, tazama tatu za mwisho. Kwa 3 na kwa 9, jumlisha tarakimu zote kisha uitazame jumla. Kwa 6, namba ipite mtihani wa 2 na wa 3, yote miwili.

Kwa 11, jumlisha tarakimu kwa kuruka moja moja, upate jumla mbili, kisha toa. Tofauti ikiwa 0 au kigawe cha 11, namba inagawanyika. Kwa mfano 1914: 1 na 1 ni 2, 9 na 4 ni 13, tofauti ni 11. Inagawanyika, na jibu ni 174.

Kwa 7, ondoa tarakimu ya mwisho, izidishe kwa 2, kisha uitoe kwenye kilichobaki. Chukua 1967, mwaka wa Azimio la Arusha: 196 toa 14 ni 182. Rudia: 18 toa 4 ni 14. Kumi na nne ni kigawe cha 7, basi na 1967 ni kigawe chake, na kweli 7 × 281 = 1967. Kwa namba ndogo njia hii haiokoi muda sana kuliko kugawanya kawaida, ila kwa namba ya tarakimu nne na kuendelea, kichwani, inasaidia.

Kwa nini kujumlisha tarakimu kunafanya kazi kwa 3 na 9?

Nafurahi kila mwanafunzi anapouliza hili badala ya kumeza kanuni. Tuifungue 1914. Ni elfu moja, mia tisa, kumi moja na nne. Elfu moja ni 999 na 1. Mia ni 99 na 1. Kumi ni 9 na 1. Sasa 999, 99 na 9 zote zinagawanyika kwa 9, na kwa 3 pia, kwa hiyo haziwezi kuleta baki yoyote. Ukiziweka kando, kwenye elfu inabaki 1, kwenye mamia tisa zinabaki 9, kwenye kumi inabaki 1, na mamoja ni 4. Jumla 1 + 9 + 1 + 4 = 15. Hizo ndizo tarakimu zenyewe. Kwa hiyo baki ya 1914 ukiigawanya kwa 9 ni ileile baki ya 15 ukiigawanya kwa 9, yaani 6; na kwa 3 hakuna baki. Inagawanyika kwa 3, kwa 9 haigawanyiki.

Hoja hiyohiyo ndiyo inayoendesha kanuni ya 11, ila pale 10 inatazamwa kama 11 toa 1, na 100 kama 99 ongeza 1. Ndiyo maana tarakimu zinapokezana kujumlisha na kutoa.

Namba ikigawanyika kwa 4 na kwa 6, inagawanyika kwa 24?

Hapana. Jaribu 12. Unaweza kuzizidisha mbili kwa uhakika pale tu ambapo hazina kigawo cha shirika, yaani kinachozigawanya zote mbili, zaidi ya 1, kama 3 na 8.

Namba tasa ni ipi hasa?

Ni namba nzima kubwa kuliko 1 yenye vigawo viwili tu: 1 na yenyewe. Zinaanza 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29. Chini ya 100 zipo 25, na chini ya 1,000 zipo 168. Namba 2 ndiyo tasa pekee iliyo shufwa.

Watoto wanaokaa Ngamiani wana zoezi lao la bure, maana barabara zetu zimepewa namba. Ukitoka Barabara ya 7 kwenda ya 13, andika vigawo vya kila barabara unayovuka. Ya 7, ya 11 na ya 13 ni tasa. Ya 12, iliyobanwa katikati ya hizo mbili za mwisho, ina vigawo sita. Mtoto wa darasa la nne analielewa hilo akiwa anatembea kuliko akiwa anaangalia ubao.

Mwalimu, kwa nini 1 si tasa? Inagawanyika kwa 1 na kwa yenyewe!

Ina kigawo kimoja tu, na tasa inadai viwili. Lakini sababu yenye uzito ni nyingine. Kila namba kubwa kuliko 1 inaweza kuandikwa kama zao la namba tasa, na kwa namna moja tu, ukiacha mpangilio. 12 ni 2 × 2 × 3, huna njia nyingine. Ukiiruhusu 1 kuwa tasa, 12 itakuwa pia 1 × 2 × 2 × 3, na 1 × 1 × 2 × 2 × 3, bila mwisho, na kanuni nzuri kuliko zote katika mada hii inavunjika. Makubaliano haya hayakuwapo siku zote. Mwaka 1914 mwanahisabati wa Marekani, Derrick Norman Lehmer, alichapisha orodha ya namba tasa mpaka zaidi ya milioni kumi, na ya kwanza aliyoandika ilikuwa 1.

Nitajuaje kama namba kubwa kidogo ni tasa?

Ijaribu kwa namba tasa peke yake, kuanzia 2, mpaka ufike kwenye kipeuo chake cha pili. Ikikataa zote, ni tasa. Hakuna haja ya kujaribu 4, kwa sababu kinachogawanyika kwa 4 kingeshagawanyika kwa 2. Hakuna haja ya kujaribu 15, kwa sababu 3 na 5 zimeshapita. Na juu ya kipeuo hakuna haja, kwa sababu ya ile hoja ya jozi.

Tufanye mfano mmoja mpaka mwisho. Mwaka wa Uhuru wa Tanganyika, 1961, ni tasa? Ukiutazama tu unafanana na tasa kabisa. 44 × 44 ni 1936, na 45 × 45 ni 2025, kwa hiyo tutasimama kwenye tasa kubwa isiyozidi 44, nayo ni 43.

2 hapana, ni witiri.
3 hapana, jumla ya tarakimu ni 17.
5 hapana.
7 × 280 = 1960, baki 1.
11 × 178 = 1958, baki 3.
13 × 150 = 1950, baki 11.
17 × 115 = 1955, baki 6.
19 × 103 = 1957, baki 4.
23 × 85 = 1955, baki 6.
29 × 67 = 1943, baki 18.
31 × 63 = 1953, baki 8.
37 × 53 = 1961. Baki hakuna.

Si tasa. Na angalia: aliyechoka kwenye 31 akaandika "ni tasa" angekosa swali akiwa amebakiza hatua moja tu. Ndiyo maana siwaruhusu wanafunzi wangu kuandika jibu kabla hawajaandika juu ya ukurasa mahali wanaposimamia.

Kuna njia nyingine ya 1961 iliyo tamu mno, na aliyeieleza ni Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17. Chukua mraba wa kwanza unaoipita namba yako, ambao ni 2025, yaani 45 × 45. Toa: 2025 − 1961 = 64. Sasa 64 nayo ni mraba, 8 × 8. Tofauti ya miraba miwili siku zote inavunjika hivi: (45 − 8) × (45 + 8), yaani 37 × 53. Mstari mmoja umemaliza kazi ya mistari kumi na miwili. Ingekuwa jibu la kutoa si mraba, ungepanda kwenye 46 × 46 ukajaribu tena. Njia hii inashinda pale vigawo viwili vinapokaribiana. Vikiwa mbalimbali inachosha kuliko ile ya kwanza.

Namba zipi huwadanganya wengi?

51, 57, 87, 91, 119 na 133. Tatu za kwanza zinaangushwa na kujumlisha tarakimu: 3 × 17, 3 × 19, 3 × 29. Tatu za mwisho ni za 7: 7 × 13, 7 × 17, 7 × 19. Namba 91 ndiyo mwizi mkubwa. Sijaona darasa ambalo halikuiita tasa angalau mara moja.

Chekeche la Eratosthenes ni nini?

Ni njia ya kupata namba tasa zote kwa mkupuo. Eratosthenes alizaliwa Cyrene, katika Libya ya leo, akaja kuwa mkuu wa maktaba ya Aleksandria kule Misri katika karne ya tatu kabla ya Kristo. Ndiye huyohuyo aliyekadiria mzingo wa dunia kwa kutumia vivuli vya jua.

Andika namba kuanzia 1 mpaka 100 na uifute 1. Zungushia 2, futa vigawe vyake vingine vyote. Namba ya kwanza isiyofutwa ni 3. Izungushie, futa vigawe vyake. Kisha 5, kisha 7. Zilizosalia zote ni tasa, maana tasa inayofuata ni 11, na 11 × 11 ni 121, iko nje ya jedwali.

Walimu wengi huchora jedwali la safu kumi. Mimi napendelea safu sita. Andika 1 mpaka 6 mstari wa kwanza, 7 mpaka 12 wa pili, na kuendelea. Utaona kwa macho kwamba kuanzia mstari wa pili safu ya pili, ya nne na ya sita zinafutika zote kwa 2, na ya tatu inafutika yote kwa 3. Tasa zote zilizobaki zimejipanga kwenye safu ya kwanza na ya tano tu.

Kwa hiyo namba iliyo jirani na kigawe cha 6 ni tasa?

Sivyo. Kila tasa kubwa kuliko 3 ni jirani wa kigawe cha 6, lakini si kila jirani ni tasa: 25 ni jirani wa 24, na 35 ni jirani wa 36.

Mti wa vigawo tasa unachorwaje?

Vunja namba kuwa mbili, kisha vunja kila tawi mpaka ncha zote ziwe tasa. Tuuchukue 1914, mwaka wa Vita vya Tanga, ile ya nyuki. Ni shufwa: 2 × 957. Tarakimu za 957 zinajumlika 21: 3 × 319. Kwa 319, 3 na 9 ni 12, toa 1 ni 11: 11 × 29. Kwa hiyo 1914 = 2 × 3 × 11 × 29. Mwenzako angeanza na 6 × 319, au 22 × 87, na mti wake ungekuwa na sura nyingine kabisa, lakini ncha zingekuwa zilezile. Msimnyime alama mtoto kwa sababu mti wake haufanani na wa kwenye kitabu.

Naweza kujua idadi ya vigawo bila kuviorodhesha?

Ndiyo. Andika namba kwa vigawo tasa vyenye vipeo, yaani vile vitarakimu vya juu vinavyoonyesha tasa imejirudia mara ngapi, ongeza 1 kwenye kila kipeo, kisha zidisha. 360 ni 2³ × 3² × 5¹; basi 4 × 3 × 2 = 24. Hata zile nyuzi 360 za duara zinagawanyika kirahisi kwa sababu hiyo.

KDS na KKS: nitajuaje swali linataka ipi?

Kigawe Kidogo cha Shirika ni pale vitu viwili vinavyojirudia vinapokutana tena. Kigawo Kikubwa cha Shirika ni pale vitu ulivyonavyo vinapogawanywa sawa kwa mafungu makubwa au mengi kadiri inavyowezekana. Usitafute neno "kubwa" au "dogo" ndani ya swali, linapotosha. Jiulize: jibu litakuwa kubwa kuliko namba nilizopewa, au dogo kuliko hizo?

Una machungwa 84 na malimau 60, unataka mafungu mengi kadiri iwezekanavyo, yote yafanane. Mafungu hayawezi kuzidi 60, kwa hiyo ni KKS. 84 = 2² × 3 × 7 na 60 = 2² × 3 × 5. Vya shirika ni 2² × 3 = 12. Mafungu 12, kila moja machungwa 7 na malimau 5.

Sasa KDS, na hapa ninapenda kutumia baiskeli, kwa kuwa mji huu una baiskeli kila kona. Igeuze kichwa chini miguu juu. Tuseme gia ya mbele ina meno 44 na ya nyuma 18. Hesabu ya kwako, inaweza kuwa tofauti. Weka alama ya chaki kwenye jino la juu kabisa la kila gia. Zungusha pedali kwenda mbele polepole. Alama zote mbili zitarudi juu kwa pamoja baada ya mizunguko mingapi? Kila jino moja la mbele likipita, na la nyuma moja linapita, kwa sababu cheni ni ileile. Kwa hiyo tunatafuta idadi ya meno iliyo kigawe cha 44 na cha 18. 44 = 2² × 11; 18 = 2 × 3². Chukua kila tasa kwa kipeo chake kikubwa: 2² × 3² × 11 = 396. Gia ya mbele itakuwa imezunguka mara 9, ya nyuma mara 22. Usizidishe 44 × 18 ukapata 792 ukadhani umemaliza: kwenye mizunguko 18 ya pedali alama zitakutana kweli, lakini hiyo ni mara ya pili. Hesabu na mtoto wako kwa sauti, alama ya chaki itamhakikishia mwenyewe.

Namba zikiwa kubwa na vigawo tasa havionekani, KKS naipataje?

Tumia njia ya Euclid, mwanahisabati Mgiriki wa kale, yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Gawanya kubwa kwa ndogo, chukua baki. Gawanya ndogo kwa baki hiyo. Endelea mpaka baki iwe 0. Kigawanyo cha mwisho ndicho KKS. Kwa 391 na 299: 391 toa 299 inabaki 92. 299 kwa 92 ni mara 3, baki 23. 92 kwa 23 ni mara 4, baki 0. KKS ni 23. Na KDS ni zao la namba hizo mbili ukiligawanya kwa KKS. Nasikitika kwamba watoto wengi wanamaliza shule ya msingi bila kuonyeshwa njia hii.

Namba tasa zina mwisho?

Hazina, na Euclid alilithibitisha hilo yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Chukulia unazo zote kwenye orodha. Zizidishe zote kwa pamoja, ongeza 1. Ukiigawanya namba hiyo mpya kwa tasa yoyote ya kwenye orodha, inabaki 1. Basi vigawo vyake tasa havimo kwenye orodha, na orodha haikuwa kamili. Zingatia kwamba namba mpya si lazima iwe tasa yenyewe: 2 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13 + 1 = 30,031, nayo ni 59 × 509. Lakini 59 na 509 ni wageni kwenye orodha, na hilo linatosha.

Kuna fomula inayotoa namba tasa tu?

Ipo moja maarufu inayokaribia, ya mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler: zidisha n kwa n, ongeza n, ongeza 41. Kuanzia n = 0 mpaka 39 inatoa tasa kila mara. Kwenye 40 inatoa 1681, yaani 41 × 41. Majaribio arobaini yamefaulu, la arobaini na moja limeanguka. Mfano huu nawapa wanaotaka kuandika "ni kweli" baada ya kujaribu namba tatu.

Tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana ni ipi?

Ni 2 yenye kipeo 136,279,841, ukitoa 1. Ilitangazwa Oktoba 2024 na GIMPS, mradi wa kutafuta tasa kubwa kwa kompyuta, ikiwa imegunduliwa na Luke Durant wa Marekani. Ina tarakimu 41,024,320.

Mzazi anauliza: haya yana faida gani nje ya mtihani?

Mwaka 1977 Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walibuni mfumo wa kufunga siri unaoitwa RSA. Unategemea jambo moja: kuzidisha namba tasa mbili kubwa ni kazi nyepesi kwa kompyuta, lakini kuvunja zao lake kurudi kwenye tasa hizo ni kazi nzito mno. Mifumo ya aina hiyo hulinda mawasiliano kwenye intaneti, malipo yakiwemo. Cha ajabu ni kwamba kupima kama namba ni tasa hakuhitaji kuivunja. Mwaka 2002 Manindra Agrawal, Neeraj Kayal na Nitin Saxena wa chuo cha teknolojia cha Kanpur, India, walionyesha njia ya kupima kila namba kwa uhakika na kwa hatua zisizopanda kupita kiasi tarakimu zinapoongezeka. Kuvunja ndiko kulikobaki kugumu.

Kwenye maumbile pia zipo. Marekani kuna nyenje wanaokaa ardhini miaka 13 au 17 kabla ya kutoka. KDS ya 13 na 17 ni 221. Kundi moja la miaka 13 na jingine la miaka 17 yalitoka pamoja mwaka 1803, na hayakukutana tena mpaka 2024. Fanya hesabu.

Mtoto akariri namba tasa zote mpaka 100?

Mpaka 50 zitamjia zenyewe kwa mazoezi. Kukariri mpaka 100 bila kujua kusimama kwenye kipeuo hakumsaidii siku atakapopewa 187. Jedwali la kuzidisha ndilo la kukariri, tena mpaka 12 mara 12 bila kusita.

Naomba namba za kujipima.

Zipime hizi, na kila moja andika kwanza unaposimamia: 187, 323, 397, 899, 1007, 2021, 2027.

Majibu: 187 = 11 × 17. 323 = 17 × 19. 397 ni tasa, unasimama kwenye 19. 899 ni 900 toa 1, yaani 29 × 31 kwa njia ya Fermat. 1007 = 19 × 53. 2021 ni 2025 toa 4, yaani 43 × 47. Na 2027 ni tasa. Utalazimika kwenda mpaka 43, na baki ya mwisho ni 6.